Doa Jeupe Ndani ya Tone

Flashi ilipiga, Bi Tone akainama kutazama kioo cha kamera, kisha akasonya. Doa lilikuwa palepale, jeupe pe, limejikalia juu ya tone la maji kama limelipa kodi.

"Moja tu, mume wangu," alisema bila kugeuka. "Moja tu, halafu twende."

Mumewe alikuwa amesimama karibu na mlango, amevaa shati lake jeupe lililopigwa pasi likakubali. Mtaani walimwita Baridi, kwanza kwa sababu alikuwa fundi wa mafriji, pili kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akipandwa na hasira. Nje, dereva wa teksi alipiga honi.

"Mama anatoka saa nne," Baridi alisema. "Wodini hawamweki mtu aliyeruhusiwa."

"Najua, Baridi. Najua!"

Na alijua kweli, asisingiziwe. Siku mama mkwe alipolazwa, Bi Tone alikuwa bondeni anapiga picha za buibui. Siku ya upasuaji alikuwa na vipepeo wake. Mama mkwe hakulalamika hata mara moja, na huko kutolalamika ndiko kulikomkera Bi Tone usiku na mchana. Mama angetukana angalau wangeyamaliza. Ndiyo maana jana yake alimpigia simu mwenyewe, bila kutumwa na mtu, akamwambia, "Mama, kesho ukitoka wodini, mtu wa kwanza kumwona ni mimi." Mama mkwe akacheka, akasema haya mwanangu, nitakungoja.

Sasa basi, asubuhi hiyohiyo ya kumtoa mama, mhariri naye akapiga simu. Alitaka picha ya jalada la kitabu, matone matatu juu ya jani, na alikwisha kuirudisha mara mbili. "Ninaiona taa yako," alimwambia. "Ninauona mwavuli wako wa kutawanya mwanga. Ninakuona na wewe mwenyewe umekunja uso. Mimi nimeagiza maji, sikuagiza mkutano." Kama picha safi isingefika kabla mashine ya kuchapia haijawashwa, angetumia ya mtu mwingine. Bi Tone hakuwahi kupata jalada maishani mwake. Vikalenda, ndiyo. Maboksi ya sabuni, ndiyo. Jalada, ng'o.

Wanaosema maji hayana kitu ndani hawajawahi kuyapiga picha. Tone ni kioo cha mviringo, tena kioo chenye umbea, linameza chumba kizima na kukurudishia. Ukiwasha flashi, nayo inajiangalia humo. Ukiisogeza kushoto, doa linahamia kushoto. Ukiiinua juu, doa linapanda juu. Ukiizima, huna picha, una giza. Bi Tone alikuwa ameifunika flashi kwa karatasi ya kuokea keki, doa likapungua ukali lakini likabaki na kona nne, kama dirisha. Ilihitajika nguo nyeupe, pana, isiyo na mkunjo, ikae katikati ya flashi na jani ili mwanga utandae.

Akaingia chumba cha wageni, akarudi na shuka.

"Hilo ni la kitanda cha mama," Baridi alisema. "Umelitandika mwenyewe jana."

"Nitalirudisha."

Akalitundika kwenye kamba, lakini likaziba lenzi. Akachukua mkasi. Jamani, mtu akiwa na wazimu wa kazi msimpe mkasi! Kacha, kacha, tundu likatokea katikati ya shuka, akapitisha lenzi.  Honi ikapigwa tena, safari hii ndefu.

Flashi. Akatazama. Doa kubwa lilikuwa limeyeyuka, na mwanga umelala juu ya tone taratibu, laini, wa kupendeza.  Kisha akaikuza picha, na pembeni kabisa akaona kidoa kingine, kidogo, cheupe.

"Lo! Nimekukosea nini wewe?"

Akapangusa lenzi. Akanyoosha shuka. Akayafuta matone, akaweka mengine kwa bomba la sindano, kwa pumzi iliyobanwa, maji aliyochanganya na gliserini yasikauke upesi. Flashi. Kidoa kipo. Akahamisha stendi, akaligonga jani, matone yote yakateleza hadi mezani. Alitamani kulia, akaishia kuupiga teke mguu wa meza, na mguu wa meza haukuumia.

"Mke wangu," Baridi aliita.

"Bado moja!"

"Umesema moja tangu nilipokuwa nafunga vifungo."

"Basi acha kunihesabia!"

Bandu bandu huisha gogo, wahenga walisema, na asubuhi nayo ni gogo. Akapanga matone upya, akapiga, akaikuza picha mpaka ikagoma kukuzwa. Ndipo akakitambua kidoa. Kilikuwa na mabega. Kilikuwa na mikono iliyokunjwa kifuani.

"Ala! Kumbe ni wewe! Shati lako linarudisha mwanga. Livue!"

"Niende hospitali kifua wazi?"

"Basi sogea."

Akasogea. Flashi. "Sasa umeingia kwenye tone la pili. Sogea tena." Flashi. "Nakuona bado, nakuona kwenye la tatu. Baridi, hivi unafanya makusudi? Huoni kuwa unaniharibia? Sogea, bwana, sogea nisikuone kabisa!"

 Bi Tone aliinamisha jicho kwenye kamera, akangoja jani litulie, akapiga.

Safi.

Alikagua tone la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna taa, hakuna kona, hakuna shati. Maji matupu, yanang'aa kwa ndani. Alirukaruka pale alipo kama mtoto aliyepewa likizo. Akaituma picha kwa mhariri, na jibu likaja papo hapo: "Hayo sasa ni maji. Jalada ni lako."

"Baridi! Baridi, njoo uone! Nimelipata!"

 Akageuka. Mlango ulikuwa umefungwa, umerudishiwa taratibu bila kishindo. Akakimbia barazani. Teksi haikuwepo. Akarudi ndani, akatazama saa ukutani, saa nne ilikwisha kupita, akampigia Baridi simu. Iliita mpaka karibu kukatika.

"Uko wapi?" aliuliza. "Mbona umeniacha?"

"Si uliniambia nisogee?" Baridi alijibu kwa sauti yake ya siku zote. "Nimesogea. Mama huyu hapa, nimemkuta kwenye benchi la nje na mfuko wake wa nguo. Alikuwa anakungoja wewe."

Simu ikabadilishwa mkono. 

"Mwanangu," mama mkwe alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua sana tangu jana. "Picha imetoka?"

"Imetoka, mama. Mama, nisamehe, nakuja sasa hivi, nachukua teksi..."

"Hongera. Usijisumbue, mwanangu," mama mkwe alisema. "Tumeshazoea."