Mzee Dimu na Kioo cha Pijo

Kaka yangu Mashimba ana Pijo 504 ya rangi ya maziwa, aliyoinunua enzi zile pamba inalipa na yeye ni fundi wa kinu cha kuchambua pamba. Vijana wanaopenda magari ya kale wakipita Bariadi huomba kupiga nayo picha. Tangu waanze mchezo huo, kaka haendeshi gari tena, anaendesha sifa. Hata kwenda dukani kununua chumvi, lazima avae kofia.

Mchana hana neno. Shida inaanza jua likizama. Gari likija mbele yake anafumba jicho moja, anasonya, anapunguza mwendo mpaka baiskeli inatupita. Kisha anaanza kutukana. Basi, lori la ng'ombe, bodaboda, hata mtu aliyewasha tochi ya simu akitafuta ndala zake, wote ni maadui. Anasema watu wa siku hizi wamefunga taa kali zisizo na adabu, wanatembea na fulu kuanzia Lamadi mpaka Maswa, na kwamba ipo siku watamtoa macho.

Nimeziona dawa zote alizojaribu. Alinunua miwani ya njano kwa mmachinga pale stendi, akawa anaivaa hata kanisani. Akabandika karatasi ya bluu juu ya kioo cha mbele, tukawa hatuoni mawingu. Akafunga taa za njano kwenye Pijo, ati awafundishe wenzake kwa mfano, na fundi mwenyewe alikuwa yeye, kwa hiyo moja inatazama barabara na nyingine inatazama mashamba ya watu. Dawa zote zilipogoma, akashika fimbo.

Hiyo fimbo ndiyo iliyotuletea balaa. Akikutana na taa kali anasimamisha gari katikati ya barabara, anashuka, ananyoosha fimbo kama anazuia ng'ombe wasiingie kwenye mtama, na hakupishi mpaka ushushe taa, uweke dimu. Ukiweka dimu, anakuhutubia. Vijana wa bodaboda walichoka na hotuba. Wakaona isiwe tabu: ukiiona Pijo ya mzee inakuja, zima taa kabisa, apite, uwashe. Wakampa na jina, Mzee Dimu. Yeye akafurahi, akadhani ni heshima.

Sasa niwaambie jambo moja ambalo nilimwambia kaka tangu mwanzo na akanicheka. Tatizo lilikuwa mafuta ya pamba.

Kule kinuni walizoea kupaka mashine mafuta ya pamba zisishike kutu wala vumbi, na mtu akizoea kitu miaka yote hiyo hata umri haumwachishi. Kila Jumamosi kaka anachovya kitambaa kwenye kopo na kuisugua Pijo kuanzia bodi mpaka bampa. Na kioo cha mbele hakiachi. Anakipaka nje, anakipaka na ndani, halafu anasimama kando anajiangalia humo. Mchana kinang'aa, sikatai. Lakini usiku, taa ya mtu ikigonga kile kioo inasambaa chote kama yai lililopasukia kwenye sahani. Mimi navaa miwani na nakaanga mandazi, najua mafuta yakigusa kioo yanafanya nini. Nilimwambia, "Kaka, hizo taa hazina kosa. Osha kioo kwa maji na sabuni." Akanijibu, "Philomena, wewe tangu lini umekuwa fundi? Hicho kioo hakijaguswa na maji tangu nikinunue, ndiyo maana hakina kutu." Kioo, kishike kutu! Nikaondoka zangu.

Ningemwacha agombane na taa mpaka azeeke, isingekuwa Flora.

Flora ni binti yake, nesi wa zahanati, nimemlea mimi baada ya mama yake kufariki. Mchumba wake wa kwanza alitoka Nyashimo. Mshenga wa yule kijana alikuja jioni na gari lake jipya, na kabla hajafika kwetu akakutana na Pijo. Kaka akashuka na fimbo yake. Alimwambia yule bwana kwamba hana malezi, kwao hakuna mtu mzima, na macho ya watu si ya baba yake. Mshenga akageuza gari palepale akarudi Nyashimo na salamu alizotumwa. Tulijua alikuwa nani kesho yake. Flora alilia, halafu akanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikonitisha.

Akapata mwingine, Masunga, wa huku Dutwa, analima dengu na anafuga, kijana mpole mpaka unamhurumia. Siku moja kabla hatujaenda kwao kukagua ng'ombe wa mahari, Flora alinijia jikoni.

"Shangazi," akasema, "baba akiharibu na hili, naomba uhamisho niende mbali, na sitarudi hapa. Hata msiba sitakuja. Nimeshasema."

"Hataharibu," nikamwambia. Sikuamini hata mimi.

Kaka alikataa kukodi gari. Mkwe mtarajiwa aione Pijo, ndiyo hoja yake yote. Basi alfajiri, yeye akiwa bado anatafuta kofia, nilichukua ndoo, maji ya moto na sabuni ya unga, nikaanza kuosha kioo. Nilikuwa nimemaliza upande wa abiria, ndani na nje, alipotokea. Alinipokonya kitambaa kana kwamba nimekikuta kitanda chake na kukimwagia uji.

"Upande wako fanya upendavyo," akasema. "Wangu usiuguse."

"Sawa kaka. Upande wangu nimeshafanya."

Tukaenda hivyohivyo, kioo nusu safi, nusu mafuta. Nyuma alikaa mzee Luhende, msemaji wetu.

Kwa akina Masunga walitupokea vizuri. Mzee Mboje, baba yake kijana, alituchinjia, na mazungumzo yakaenda yanavyokwenda: huyu ng'ombe ana pembe mbaya, yule mnyonge, huyu tunamkataa, mrudisheni, mleteni mwingine. Luhende alibishana mpaka sauti ikamkauka. Tulipokubaliana jua lilikuwa limeshaegemea, na wenyewe wakasema ng'ombe waanze safari na kibaridi, walale kwetu Bariadi. Masunga akasema atawasindikiza mwenyewe na pikipiki yake, awamulikie nyuma ili magari yawaone. Sisi tukabaki kumalizia nyama.

Tuliondoka giza limeingia. Luhende alishiba akalala kabla hatujafika lami.

Gari la kwanza lilipokuja mbele yetu, kaka akaanza wimbo wake. "Unaona? Unamwona huyo mshenzi?" Nikatazama. Mwenzake alikuwa ameweka dimu. Kwenye upande wangu niliona taa mbili ndogo, za kawaida kabisa, na nikaona ukingo wa lami, majani, na mfuko wa plastiki umenasa kwenye mwiba. Kwa kaka kioo chote kilikuwa cheupe. Nikamwambia atazame kushoto, ukingo wa barabara, asizikodolee taa. Akasema kushoto ndiko kuna mimi, na mimi amechoka kunitazama.

Mbele kidogo likaja basi. Na wakati uleule, upande wangu, niliona taa nyekundu ndogo ya pikipiki, na mbele yake migongo ya ng'ombe. Nikashukuru Mungu kwamba Masunga ana akili. Halafu ile taa nyekundu ikazimika. Na mwanga uliokuwa ukimulika ng'ombe ukazimika nao.

"Kaka, simama. Kuna ng'ombe."

"Hakuna kitu. Ni hilo basi na taa zake."

"Mashimba, ni ng'ombe wetu hao. Simama."

"Mimi ndiye dereva."

Nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote. Pijo ikaserereka, ikaenda upande, ikagonga kitu kilicholia kama bati na kingine kilicholia kama ng'ombe, ikasimama. Luhende akaamka akasema huyu pia tunamkataa. Basi likapita kwa heshima zake zote, likatuachia giza.

Nilimwona kijana yule akianguka, nilimwona kabisa, shati lake jeupe lilienda mtaroni, na nilikuwa nafikiria Flora, namna nitakavyofungua mdomo kumwambia. Nilimchukia kaka yangu wakati ule. Sisemi nilimkasirikia, nasema nilimchukia.

Yeye alishashuka. Na fimbo, bila shaka. Ng'ombe dume mmoja alikuwa amegongwa matako, akasogea kando akitutazama kwa dharau. Taa ya kushoto ya Pijo ilikuwa imevunjika. Na Masunga akapanda kutoka mtaroni, anachechemea, suruali imechanika gotini, damu inashuka mpaka kwenye kiatu.

Kaka akamnyooshea fimbo. "Kwa nini huna taa?"

Jamani. Mzee Dimu, aliyezima taa za mkoa mzima, alimuuliza mtu kwa nini hana taa.

Masunga akavua kofia. "Shikamoo baba. Taa ninayo. Niliiona Pijo kwenye kioo cha pikipiki, zile taa zake za njano, nikazima. Mzee wangu alituagiza, akasema mkimwona baba yake Flora zimeni kila kitu, asije akaudhika kama alivyoudhika na wale wa Nyashimo. Tumezima kwa heshima yako, baba."

Alisema kwa upole, hakuwa na kejeli hata chembe. Ndiyo maana ilimwingia. Kaka akashusha fimbo.

"Washa," akasema.

Masunga akainua pikipiki, akaielekeza kwetu, akawasha. Mwanga ukapiga kwenye kioo cha Pijo. Upande wangu ulionyesha kiti changu, mkoba wangu na Luhende nyuma akipiga miayo. Upande wa kaka ulionyesha mafuta. Ulionyesha mikono yake yote ya Jumamosi zote, duara juu ya duara, vidole vyake vitano vimejichora katikati, na nyuma ya hapo huoni hata usukani. Tulisimama tukautazama wote, na ng'ombe nao. Nilivua kitenge changu cha begani nikampa.

Alisugua. Kitenge hakikutoa mafuta, kiliyasambaza tu. Akarudi akasimama mbele ya kijana.

"Sioni njia," akasema. "Taa nimebaki na moja, na inatazama mashamba. Tangulia, nikufuate." Akaitupa fimbo ndani ya gari. "Washa fulu."

"Fulu, baba?"

"Fulu, mwanangu."

Tukaingia Bariadi hivyo: ng'ombe mbele, Masunga nyuma yao akiwaka fulu, na Mzee Dimu akitambaa nyuma yake, kichwa amekilaza upande wangu ili achungulie kwenye nusu niliyoosha. Bega lake lilikuwa linanibana njia nzima. Vijana wa kijiweni walipoiona Pijo wakazima taa zao, halafu wakaona kinachotangulia, wakawasha tena wahakikishe.

Flora alikuwa uani na taa ya sola. Akaliona goti kabla hajawaona ng'ombe.

"Nini hicho, Masunga?"

"Nimeteleza," akasema yule kijana. "Mtaro tu."

Flora hakumwamini. Akanitazama mimi, kisha akamtazama baba yake, na uso wake ukaanza kufunga kama ulivyofunga mwaka ule wa Nyashimo. Nikajua anahesabu nguo za kuweka kwenye begi. Nami nikafungua mdomo nianze kudanganya, ingawa sijui ningedanganya nini na Pijo imeng'oka jicho.

"Hakuteleza," kaka akasema. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Nimemgonga mimi. Alizima taa kwa sababu yangu, na mimi sikuona kwa sababu yangu vilevile. Shangazi yako alishaniambia." Akavuta pumzi. "Na yule wa Nyashimo, nilikosea, Flora. Sikuwahi kukwambia."

Flora akaniachia taa, akaingia ndani kufuata maji ya chumvi na bandeji. Alipompita baba yake alimshika mkono, akauachia. Masunga akaketi kwenye kigoda na kunyoosha mguu wake.

Kaka akabaki amesimama karibu na gari. Baada ya muda akaniita, kwa sauti ya chini.

"Philomena. Ile ndoo iko wapi?"

"Iko pale ulipoiona asubuhi."

Alikiosha kioo usiku uleule, Luhende akimshikia tochi. Harusi ilifungwa baada ya mavuno, na Pijo ndiyo iliyobeba maharusi, kioo safi, kikavu, jioni mpaka usiku, bila hata tusi moja njiani. Kwenye ukumbi akaomba kipaza sauti. Aliwashukuru wageni, akawashukuru wakwe zake, kisha akasema ana furaha kuona madereva wa mkoa wa Simiyu siku hizi wamestaarabika, hawawashi tena zile taa zao kali, na kwamba ameteseka sana kuwafundisha.

Watu wakampigia makofi. Flora alinitazama kutoka meza ya maharusi, anacheka mpaka shela inamwanguka, akajiwekea kidole mdomoni kunionyesha ninyamaze. Nikanyamaza, kwa ajili yake tu.