Dakika Kumi na Saba

Benter Ombok alijua kuna jambo pale wanawake waliponyamaza alipoingia kwenye kibanda cha kusugulia mawe. Walikuwa sita, misasa mikononi, mabeseni ya maji yenye tope jeupe mbele yao. Aliwasalimia. Mmoja tu aliitikia.

Alikuwa katibu wa kikundi hiki cha wachongaji mawe wa mji mdogo wa Tabaka kwa mwaka wa pili sasa. Alitoka upande wa ziwa, na Ekegusii, lugha ya wenyeji, alijua cha salamu tu. Kwa sababu yake mikutano iliendeshwa kwa Kiswahili, na yeye aliirekodi na kuituma kwenye grupu la WhatsApp.

"Tunakuuliza tu," alisema Tryphosa, aliyekuwa msemaji wao. "Jumanne Mama Bonareri aliongea ama hakuongea?"

"Aliongea. Nilimwona akisimama."

"Mbona kwa simu hayuko? Mwenyekiti anauliza kama kuna anayepinga, halafu papo hapo anasema tumekubaliana. Nani alimtoa?"

Bonareri mwenyewe, mkubwa wao kwa umri, aliendelea kusugua jiwe lake. Mkutano ulihusu kibanda hicho hicho: mwenyekiti, Thadeus Osoro, alitaka kihamishwe kutoka karibu na chemchemi hadi juu barabarani, ili lori la mawe lipate pa kugeuzia.

"Sijamtoa mtu," Benter alisema.

Akielekea ofisini alikumbuka Jumatano. Osoro alikuwa ameingia, akaketi kwenye meza ya Benter na kumtuma akatoe kopi dukani. Aliporudi, kompyuta ilikuwa wazi. "Ile ya Jumanne umeshatuma?" Osoro alikuwa ameuliza, bila kumtazama. Sasa swali hilo lilimkaa vibaya.

Alifunga mlango, akafungua kwenye kompyuta lile dirisha jeusi ambamo hufanyia kazi zake za sauti. Programu anayotumia haina vitufe vya kubonyeza. Unaiandikia amri, nayo inatii. Kwanza aliangalia tarehe. Faili ya MP3 aliyotuma kwenye grupu ilikuwa imetengenezwa Jumanne saa kumi na moja jioni, na tangu hapo haikuguswa. Osoro alikuja kesho yake, kwa hiyo si yeye.

Akapima urefu. Rekodi ya kwanza, ile nzito iliyotoka kwenye kinasa sauti, ilikuwa saa moja na dakika thelathini na nane. Ile aliyotuma ilikuwa na dakika themanini na moja. Dakika kumi na saba hazikuwepo.

Alibonyeza mshale wa juu ili kuona amri alizoandika siku ile. Zikatokea, na aliyeziandika ni yeye mwenyewe. Alikuwa ameongeza chujio la kuondoa ukimya, alilolinakili mtandaoni bila kulisoma vizuri, ili faili iwe fupi na isimalize bando za watu. Chujio lilikata kila kilichokuwa chini ya kiwango fulani cha sauti. Bonareri huongea kwa sauti ya chini, na alikuwa amesimama nyuma kabisa. Mashine ilimhesabu kuwa ukimya.

Benter akaandika amri upya bila chujio, akaongeza sauti mara nne na kuvaa spika za masikioni.

Bonareri alikuwepo. "Maji nimebeba miaka thelathini. Magoti yamekwisha. Mkitupeleka huko juu, mimi naacha kazi." Juu ya maneno yake kulikuwa na mnong'ono wa mwanamume, kwa Ekegusii. Benter aliurudia mara tatu. Hakuelewa hata neno moja.

Alibeba kompyuta hadi kibandani. "Kosa ni langu," aliwaambia kabla hajakaa. "Niliiamuru mashine ikate kimya, ikakata mama. Mnisamehe. Lakini kuna mtu mwingine hapo ndani, na simwelewi."

Wakainama wote kusikiliza. Bonareri aliposikia sauti yake aliweka msasa chini. Mnong'ono ulipokuja, Tryphosa alishika mdomo.

"Ni Osoro. Anamwambia Ishmael mwenye lori, 'Mwache aongee mpaka achoke, lori linaanza Jumatatu.'"

"Kwa hiyo walikuwa wameshaamua," Bonareri alisema.

Benter alituma rekodi nzima kwenye grupu palepale, mbele yao. Haikupita robo saa, Osoro akapiga simu.

"Nani alikuambia uongeze sauti?"

"Nilikuwa nimemkata mama bila kujua, mwenyekiti. Nimemrudisha."

"Na mimi je?"

"Wewe pia ulikuwa umekatwa."

Osoro alikata simu. Jumatatu lori halikuja. Mkutano uliitishwa tena, wanaume watatu wakasimama upande wa wanawake, na kibanda kikabaki pale kilipo. Osoro alisema alikuwa akitania tu, akabaki mwenyekiti, ila siku hizi akitaka kumwambia Ishmael jambo humtoa nje kwanza.

Wanawake humwitikia Benter salamu. Lakini baada ya kila mkutano Tryphosa huja ofisini, huvuta kiti, na kusikiliza rekodi yote mwanzo hadi mwisho kabla haijatumwa. Benter humwachia meza.