Tambi Hazimngoji Mtu

"Kitendawili!"

"Tega, Bibi."

"Huingia kisimani mgumu kama fimbo, hutoka mlegevu kama kamba, na hamngoji hata askofu."

Noemi, msichana wa miaka tisa, aliitazama bahari ikipita dirishani mwa gari, akafikiri. "Tambi!"

"Umepata. Sasa mwambie baba yako, maana mimi hanisikii."

Bibi Ersilia hakuwa na raha tangu asubuhi. Mguu wake ulikuwa ukikanyaga sakafu ya gari kana kwamba yeye ndiye dereva. Addolorata, dada yake mkubwa anayekaa Monopoli, alikuwa hajasema naye kwa miaka sita. Na kosa ni la nani? La Ersilia, wala halikani. Miaka arobaini ya kuishi Torino, kaskazini mwa Italia, mbali na bahari, ilimsahaulisha adabu ya kwao pwani: mezani kwa dada yake, mbele ya wakwe, aliomba jibini anyunyize juu ya tambi za kome. Jibini juu ya vitu vya bahari! Addolorata aliondoa sahani, akaondoa na undugu. Wiki iliyopita ndipo akapiga simu, maneno mafupi: "Njoo sikukuu ya Agosti. Saa saba natosa tambi."

Lakini Fulvio, mwana wa Ersilia, alikuwa likizoni, na kila mji wa pwani ulimwita kwa jina. Trani walisimama apige picha kanisa lililokaa ukingoni mwa maji. Akarudi na mkate bapa wa nyanya, bado wa moto.

"Msile!" Ersilia alipiga kelele. "Tukifika kwa mama mkubwa tumeshiba, atasema tumekuja kumtukana mara ya pili."

Marisa, mke wa Fulvio, aliuficha mkate mkobani. Alikuwa amechelewa: mashavu ya Noemi tayari yaling'aa mafuta ya zeituni.

Saa saba kasoro kumi walikuwa Polignano, robo saa na zaidi kutoka Monopoli, Fulvio kasimama kwenye foleni ya aiskrimu, watu kumi na wanane mbele yake.

"Fulvio, twende."

"Mama, tuko likizo. Pumua kidogo."

"Nitapumua Monopoli."

"Dakika tano tu, Mama yangu mzuri."

Ersilia alizijua dakika tano za mwanawe; zina watoto na wajukuu. Akatoa simu, akapiga, akasema kwa sauti ya kusikika foleni nzima: "Dada? Tosa tambi! Tuko mlangoni." Akakata.

Mzee mmoja akajishika kichwa. Fulvio aligeuka mweupe kama maziwa.

"Mama! Umefanya nini? Zile zinaiva dakika kumi na mbili, zikizidi ni uji!"

"Basi endesha."

Aliendesha. Noemi alikuwa akihesabu dakika kwa vidole. Kumi na mbili zikapita, vidole vikaisha, na Monopoli haijaonekana. Ersilia akaona uji mezani, akaona mlango ukifungwa miaka sita mingine. Nini kilinituma, akajilaumu, kumdanganya mtu niliyekuja kumwomba radhi?

Addolorata alikuwa kizingitini, mikono kiunoni, aproni imeroa mvuke.

"Dada, tambi..."

"Tambi zipi? Ziko kwenye pakiti. Maji nimeyaongeza mara mbili." Alimtazama toka juu hadi chini. "Tangu utoto ukisema umefika, ndiyo kwanza unatafuta kiatu cha pili. Ingia, umekonda."

Walipoketi na kome kuletwa, katikati ya meza palikuwa na kibakuli kimefunikwa kisosi. Addolorata alikifunua. Jibini. Ersilia alihisi mguu wake ukianza tena chini ya meza. Hakujua ni msamaha au ni kijembe.

"Sitaki, dada. Nilikosa."

"Sikukuuliza wewe." Addolorata alichota, akanyunyiza kwenye sahani yake mwenyewe, akatafuna. Uso ukamkunjamana kama aliyemeza dawa ya minyoo.

"Mbaya?" aliuliza Ersilia.

"Miaka sita nimekasirikia takataka hii," alisema Addolorata. "Kula, mwanamke, zinapoa."

Na mguu wa Ersilia ukatulia.