Gunia la Mrututu

Kundi lile la vifaranga lilikuwa la kupona au kufa, na Nelcir Bortolanza aliyajua hayo vizuri kuliko alivyolijua jina la mkwewe. Makundi yaliyotangulia yalikua kama yanalazimishwa. Hili nalo likidorora, kampuni haitamletea vifaranga tena, na banda lake refu la kuku litabaki la kupigia mwangwi.

Neno la mrututu lilitoka kwa Kauane, mtaalamu wa kampuni, msichana wa kuweza kuwa bintiye. Alikuwa ameketi barazani, kibuyu cha chimarão mkononi, anafyonza chai chungu kwa mrija na kueleza kwa nini vifaranga wa jirani wamenawiri.

"Ni chakula kipya, mzee. Kimeongezwa shaba kidogo. Inawasaidia tumboni, wanakua. Na wako watakula hicho hicho."

"Shaba gani?" Nelcir aliuliza, kama mtu asiye na haja.

"Ile ya kwenye mrututu. Lakini ni chembe tu, na imeshachanganywa kiwandani."

Nelcir alisikia "mrututu" na "wanakua". Mengine aliyapisha yapite, maana ndivyo alivyosikiliza tangu shuleni.

Katika vilima vile nani asiyeujua mrututu, ile chumvi ya buluu ya kuua ukungu wa mizabibu? Babu yake aliupulizia mizabibu mpaka kofia ikawa ya buluu. Baba yake alizikwa na kucha za kijani. Mizabibu yenyewe Nelcir aliing'oa ili apate pa kujenga banda, ila gunia la mrututu lilibaki stoo, nusu yake, linang'aa kama anga ya sikukuu.

Kesho yake asubuhi akamimina kopo zima la mrututu kwenye tangi la maji ya vifaranga. Mkewe, Ivonete, akamkuta anakoroga kwa mti.

"Unapika nini wewe?"

"Dawa ya kukuza. Mtaalamu kasema."

"Kasema kopo?"

"Kasema kidogo. Mizabibu ya baba ilikuwa inakula ndoo. Sasa kopo si kidogo?"

"Nelcir, kuku si mzabibu."

"Ndiyo maana nimepunguza."

Ivonete akayatazama maji yale. "Mimi hata uji hujawahi kunikorogea," akasema, akaenda zake.

Vifaranga wakawa wanasogelea maji, wanaonja, wanarudi nyuma. Kisha wakaacha na chakula. Wakasimama wamejikunyata, manyoya yamewatuna, kama wazee kwenye foleni ya pensheni. Nelcir akawaza, akapata jibu moja tu: dawa ni ndogo. Akaongeza kopo.

Kauane aliporudi, waliokufa walikuwa wamelundikwa mlangoni. Akampasua mmoja, akaifungua firigisi. Ngozi ya ndani ilikuwa imechanika vipande vipande, ina rangi ya kijani.

"Mzee, umewapa nini?"

"Ulichosema."

"Nilisema imeshatiwa kwenye chakula."

"Hapo sikusikia."

Kauane akainuka, mikono yake bado michafu. Ivonete akaja na kibuyu, akakijaza, akampa kwa mikono miwili.

"Mwanangu, sema ni baridi. Baridi huwa inaua vifaranga."

"Nisiposema mimi, mama, mizani ya kampuni itasema."

Akanawa, akafyonza mara moja, akakirudisha. "Asante," akasema. Siku zote alikuwa anakunywa mpaka birika linakauka, na asante husemwa mwisho tu, na mtu asiyetaka kujaziwa tena. Ivonete akabaki na kibuyu mkononi, bado kina moto.

Lori likaja likawachukua waliobaki, wepesi kama makapi. Dereva hakusema lori la vifaranga litakuja lini, na Nelcir hakumuuliza.

Jioni Nelcir akaingia stoo. Gunia lilikuwepo. Akalitazama, kisha akatazama nje mlangoni: banda tupu, na chini ya banda, ardhi iliyokuwa ya mizabibu.

"Unataka kulifanyia nini hilo?" Ivonete akauliza nyuma yake.

"Sijui."

Akalikunja mdomo, akalifunga kwa kamba, mafundo mawili, lisije likaingia unyevu.