Waliosimama Nyuma ya Ndinda

Ndinda alikuwa amemaliza kipindi kimoja cha udiwani wa sokoni mjini Kitui, na aliwaudhi wakubwa kwa jambo moja tu: alikataa wajigawie uwanja wa soko. Mwaka wa 1988, siku moja kabla ya kura ya mlolongo ya kuteua wagombea wa chama, walimchukua mumewe.

Nzioka alikuwa uani akitengeneza baiskeli pale Landrova iliposimama. Wakashuka wanaume wawili wenye makoti na adabu nyingi.

"Mzee atatusaidia na maswali kidogo," mmoja alisema. Alipokwisha kumfungia Nzioka garini, alimgeukia Ndinda. "Mama, si lazima usimame. Ukijitoa, mzee atakula chakula chake hapa nyumbani."

Ndinda alikwenda kituo cha polisi, akaenda kwa D.O., mkuu wa tarafa. Kote waliapa hawamjui mtu huyo. Aliporudi alibandika jikoni muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe.

"Mami, kesho utaenda?" aliuliza binti yake, Nthenya.

"Nikijitoa watakuwa wamejua dawa yangu. Watanipa hiyo hiyo kila mara."

Kesho yake, katika uwanja wa shule, wagombea walisimama mbele wakitazama ukuta wa darasa. Wapiga kura walitakiwa kupanga foleni nyuma ya wanayemtaka, huku chifu akipita na askari, akimtazama kila mtu usoni. Ndinda alisikia miguu mingi ikielekea kwa mpinzani wake. Nyuma yake kimya.

Kisha akasikia upindo wa buibui ukiburuzika vumbini.

"Ni mimi, Halima wa vitenge pale sokoni," sauti ilinong'ona. "Usigeuke. Ukigeuka nitakimbia."

Hakugeuka. Akasikia kikohozi cha mzee, ndala, mtoto akilia mgongoni mwa mama, kisha miguu mingi tena, ikija kwake.

Foleni yake ilipita vyoo vya shule, ikapinda. Ya mpinzani ilikuwa fupi, iliishia kwenye mlingoti wa bendera. Hata hivyo msimamizi akamtangaza mpinzani kuwa mshindi. Watu waliinamisha vichwa, wakatawanyika.

Siku chache baadaye Nzioka aliachwa kando ya barabara. Alifika nyumbani akikanyaga kwa visigino, nyayo zikiwa zimevimba. Ndinda akamtia miguu kwenye karai la maji ya chumvi.

"Ulijitoa?" aliuliza Nzioka.

"Sikujitoa. Nisamehe."

Nzioka alitikisa kichwa. "Waliniambia umejitoa. Hapo ndipo nililia, Mama Nthenya. Viboko havikuniliza." Kisha akauliza, "Utasimama tena?"

"Naogopa."

"Hata mimi."

Mwaka wa 1992, kura zilipokuwa za siri, alisimama tena, akashinda udiwani. Halima alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Ndinda alikwenda kuapishwa akiwa amemshika Nzioka mkono, na hakuuachilia mpaka alipoitwa jina.