Majani ya Mgeni

"Umesikia lakini?" jirani yake Qiaozhen alisema, akiwa bado mlangoni na kapu lake la mboga. "Majani ya mti mkongwe, mwaka huu kapewa mkamwana wa Mzee Rukai."

Suihua hakugeuka. Kiganja chake kilikuwa ubavuni mwa kikapu cha mianzi cha kukaushia majani, juu ya makaa yaliyofunikwa majivu, akipima joto la chai kama alivyolipima kwa miaka ishirini na miwili.

"Peilan? Yule wa mjini?"

"Huyo huyo. Hata mwaka hajamaliza hapa mlimani. Kipya kinyemi, dada yangu, ingawa kidonda."

Qiaozhen akacheka, akaenda zake. Miti ya chai mlimani Fenghuang ni mingi, na majani yake hupita mikononi mwa yeyote anayejua kuwasha mkaa. Lakini ule mmoja, nyuma ya nyumba ya Mzee Rukai, ulitoa kilo mbili tu kwa mwaka, na kuyapa majani yake moto wa mwisho ilikuwa kazi ya Suihua. Watu walipomtaja walisema "yule wa mti mkongwe." Wakiacha kumtaja hivyo, atakuwa nani? Mjane mwenye chumba kimoja na vidole vilivyobabuka.

Akaongeza majivu juu ya makaa ili moto usizidi, akapanda ngazi za mawe kwenda kwa mzee.

Alimkuta Mzee Rukai barazani na mnunuzi wa kutoka Shantou, na Peilan mwenyewe ndiye aliyeshika buli. Binti mzuri, mikono laini, amekaa pale utadhani amezaliwa pale. Wivu ulimpanda Suihua mpaka masikioni.

"Shangazi! Karibu, kaa hapa," Peilan alisema, akanyanyuka kumpisha kigoda chake.

Kisha akafanya jambo lililomkata Suihua maini. Akamwaga majani yaliyokuwamo kwenye buli, ambayo yangeweza kutiwa maji mara tano zaidi, akatia mengine. Ndiyo heshima ya mgeni anayeingia watu wakiwa katikati ya chai. Hapewi mabaki ya wenzake. Lakini Suihua aliingia na kutoka barazani pale miaka yote hiyo, akinywa chochote kilichokuwamo, kama mtu wa nyumbani. Alimtazama mzee amkataze mkwewe. Mzee alikuwa akipangusa miwani.

Maji ya kwanza yakaosha vikombe. Ya pili Peilan aliyazungusha kikombe hadi kikombe, rangi ikawa moja kote. Suihua alitafuta kosa katika mkono ule, asilione. Akanywa.

Naam! Kosa hili hapa.

"Moto umezidi," alisema kwa sauti, mnunuzi asikie. "Umefanya haraka, mwanangu. Nje pameungua, ndani pabichi. Jani la mti ule si la kujifunzia."

Mnunuzi akaweka kikombe chini. Peilan aliiva uso hadi shingoni, akamgeukia baba mkwe wake.

"Mwambie tu," alisema mzee.

"Shangazi..." Peilan alilishika buli kwa mikono miwili. "Hii ni ya kwako. Ya mwaka jana. Baba alisema ukifika tunywe kazi yako, mgeni wetu aione. Ya mwaka huu bado iko kikapuni. Alisema nisiguse mkaa mpaka uje kunifundisha."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Labda maji yangu yalichemka mno," Peilan akaongeza upesi, na huruma ile ikamchoma Suihua kuliko aibu yenyewe. Mnunuzi alikuwa amekiinua tena kikombe chake kitupu, anakinusa, kipaji cha uso kimekunjamana.

Mzee Rukai akachukua buli, akamimina upya. Kikombe kimoja akakisogeza kwa mnunuzi, kimoja akabaki nacho, cha mwisho akakiweka mbele ya Suihua. Wanaume wakanywa, wakabaki na vikombe vyao mkononi. Vikombe mezani ni vitatu siku zote, hata watu wawe wanne, na wa nne hungoja kimoja kirudi. Peilan alikaa na mikono magotini, akingoja hicho cha mwisho. Kikombe cha Suihua kilitoa mvuke, kisha mvuke ukapungua, na bado hakuwa amekigusa.