Mlima Uliozama

Kornelia wa Gendabi akishupaza shingo, hata ng'ombe wake wanampisha. Asubuhi hiyo kibuyu cha maziwa kilikuwa mbele yake, na binti yake Letisia, nesi, amepiga magoti akisubiri. Kwao mtoto hasafiri mbali mpaka mama anywe funda la maziwa na kumpulizia kifuani. Basi la Arusha lilikuwa karibu kupita, na kutoka huko Letisia angepanda ndege kwenda Ushelisheli, kufanya kazi kwenye zahanati ya kisiwa kidogo. Bila baraka asingeondoka, na mama alilijua hilo vizuri sana.

"Hicho kisiwa kinaelea?" Kornelia aliuliza.

"Hakielei, mama. Kinachoelea ni maji ya kunywa. Huko chini maji baridi yanakaa juu ya maji ya chumvi. Ukichimba kisima kirefu mno, unakutana na chumvi."

"Aka! Na kisiwa chenyewe kimekalia nini?"

Letisia, maskini, akafurahi kuulizwa. "Mlima, mama. Zamani ulitokeza baharini, ukazama polepole."

Kibuyu kikasukumwa pembeni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Kornelia hakuumwa kidogo. Desemba ile Mlima Hanang ulipoporomosha tope, lilimchukua dada yake Hilda pamoja na nyumba yao. Mwili haujaonekana mpaka leo.

"Mlima nimeuona ukishuka kwa macho yangu," alisema. "Wewe unaufuata uliozama? Huendi!"

Letisia alilia. Kisha akafungua simu, akamwonyesha picha ya duara jembamba la nchi kavu, kama ngata ya kubebea maji, bahari ndani na nje.

"Kuna viumbe wadogo, mama, wanaitwa matumbawe. Mlima ulivyokuwa unashuka, wao walikuwa wanajenga kwenda juu, wakikalia mifupa ya wenzao waliokufa. Ndiyo hiyo nchi unayoiona."

Kornelia aliitazama picha, halafu akatazama sakafu ya udongo. Watu walimwambia ahame, akawatukana. Alijenga palepale juu ya tope, kwa sababu Hilda yumo humo.

"Kwa hiyo hawakuhama," alisema.

"Hawakuhama."

"Wakaidi kama mimi."

Akavuta kibuyu, akanywa funda, akampulizia mwanawe kifuani huku machozi yanamtoka. Maziwa yaliyobaki akayamimina sakafuni.

"Na mama yako mkubwa akubariki," alisema. "Haya, simama, basi litakuacha."